Kura ya mapema tunaihitaji, lakini sanduku lisilale peke yake

Tangu uchaguzi wa rais wa Januari ukikaa hapa Busia, upande wa Uganda, swali ni moja tu, nani alishinda kweli na nani aliibiwa, kila mtu ana jibu lake na hasira yake, lakini kuna namba moja ambayo naona watu wanaipita tu kama haiwahusu. Tume ya Uchaguzi ilisema waliojitokeza tarehe 15 Januari 2026 ni asilimia 52 na nusu. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 21. Hebu piga hesabu mwenyewe, ni watu kama milioni kumi ambao majina yao yako kwenye daftari na siku ile hawakupiga. Mwaka 2006 tulikuwa kama asilimia 69, mwaka 2016 asilimia 67, 2021 tukashuka chini ya 60, na sasa karibu nusu ya wapiga kura wako nje na sijasikia wakubwa wakiuliza jamani hawa watu walikuwa wapi.

Najua wengine walikata tamaa. Wengine waliogopa na siwalaumu hata kidogo, mtu aliyeona Novemba 2020 Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mgombea wa upinzani, alipokamatwa kule Luuka, watu zaidi ya 50 wakauawa ndani ya siku chache, akiamua kukaa ndani na kufunga mlango wake ana haki yake. Lakini kuna kundi lingine ambalo halikuogopa wala halikuchoka, lilikuwa kazini. Hawa nawajua mimi kwa sababu ndo wanakula kwangu.

Nina hoteli ndogo karibu na barabara ya malori, posho, samaki, maharage, chai asubuhi mpaka usiku. Siku ya kura malori hayasimami. Yanatoka Mombasa yanaingia hapa na Malaba, yanaenda Kampala, mengine yanaendelea mpaka Elegu na Juba, mengine Mpondwe yaingie Kongo. Ukimuuliza dereva Mganda siku ile, wewe umepiga, anakwambia mama mimi nimeandikishwa Mbarara, mwingine Lira, mwingine Masaka, na kwa sheria yetu unapiga pale pale ulipoandikishwa, siku moja tu, Alhamisi, saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ukiwa na kitambulisho mkononi na umesimama mbele ya kituo ambacho sio chako hupewi karatasi. Mzigo nao una siku zake, bosi hakuelewi, na tanboi, msaidizi wake wa lori, ndo kabisa hana hata wa kumuomba ruhusa. Mume wangu ni dereva na tangu tuoane sijawahi kumuona na alama ya wino kwenye kidole, kila uchaguzi unamkuta barabarani, na huyu ni mtu ambaye anasikiliza habari za siasa kwenye redio kuanzia asubuhi mpaka analala, anajua majina ya wagombea wote mpaka wa ubunge wa wilaya ambazo hajawahi kulala.

Na sio madereva peke yao. Kuna nesi ambaye yuko zamu wodi ya wazazi, mtoto hasubiri Tume ifunge vituo. Kuna askari anayepelekwa wilaya nyingine kulinda masanduku ya watu wengine. Kuna mlinzi wa geti Kampala ambaye jina lake liko kijijini kwao wilaya ya Kumi na nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki nzima. Hawa wote kwenye hesabu wanaitwa watu ambao hawakujitokeza, alafu mtu anakaa kwenye redio anasema vijana hawapendi kupiga kura.

Nimeanza kulifikiria jambo hili kwa uzito kwa sababu ya dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Waltham karibu na Boston, huko Waganda ni wengi sana mpaka matoke unapata. Anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Alipata uraia wa kule na wa hapa bado anao, si unajua tangu 2009 sheria yetu inaruhusu uraia pacha. Mwaka 2024 mwishoni mwa Oktoba akanipigia simu, ananiambia mdogo wangu nimetoka kazini nimepita pale mjini nimepiga kura ya rais nimeenda kulala. Nikamuuliza si uchaguzi wenu ni Novemba. Akasema ndio, ni tarehe 5, lakini hapa unapiga mapema, na kama hutaki kwenda wanakutumia karatasi kwa posta unajaza nyumbani unarudisha. Hakupoteza hata saa moja ya mshahara. Nilikaa nikawaza, huyu ana nchi mbili, moja inamfuata mpaka mlangoni na karatasi, na hii nyingine, ya kwao alikozaliwa, ubalozi upo pale pale Washington lakini sanduku hakuna. Na Mkenya anayefanya kazi Kampala anapigia kura rais wake pale pale Kampala, wameanza hiyo tangu 2013.

Wamarekani wenyewe siku yao ya Jumanne ni sheria ya mwaka 1845, wakati mkulima alikuwa anapanda farasi kwenda mjini kupiga kura, na Jumanne ya uchaguzi sio sikukuu ya nchi nzima, watu wanafanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo majimbo polepole yakafungua mlango wa pembeni. Oregon wamekuwa wanapiga kwa posta jimbo lao lote tangu mwisho wa miaka ya 1990. Alafu ikaja Corona, mwaka 2020 ndo mlango ukafunguka wote, watu zaidi ya milioni mia moja walikuwa wameshapiga kabla hata ya siku yenyewe, tarehe 3 Novemba, kati ya kura kama milioni 159 zote kwa jumla. Waliojitokeza walikuwa kama theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga, na hawakuwahi kufika hapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kura ya mapema peke yake ndo iliwatoa watu majumbani, mwaka ule kulikuwa na hasira nyingi pande zote mbili na hasira nayo inatoa watu. Lakini yule mwenye zamu ya usiku alipata njia, na mimi hapo ndo ninaposimama.

Sasa tuseme na upande wa pili kwa sababu ni mkubwa. Kura ya mapema ya 2020 ilivaa rangi ya chama. Trump alikuwa anawaambia watu wake miezi mingi kwamba kura za posta ni wizi, kwa hiyo wa Republican, chama chake, wengi wakasubiri siku yenyewe, wa Democratic, chama cha Biden, wengi wakapiga kwa posta. Alafu kuna majimbo kama Pennsylvania na Wisconsin ambapo sheria ilikataza kabisa kuanza kuzishughulikia zile bahasha za posta kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi. Matokeo yake ni nini, usiku kura za siku ile zinahesabiwa kwanza, Trump anaonekana anaongoza, watu wanalala wakijua ameshinda, alafu bahasha zinaanza kufunguliwa na Biden anapanda anapanda mpaka anapita. Siku zikapita mpaka Jumamosi tarehe 7 ndo vyombo vya habari vikatangaza kwamba Biden ameshinda. Mtu ambaye alikuwa ameshaambiwa tangu mwanzo kwamba posta ni wizi, akiona namba zinabadilika usiku, wewe unategemea aseme nini? Na wakati huo huo Florida, ambako sheria inaruhusu kuzipitia bahasha mapema kabla ya siku, walimaliza usiku ule ule na kelele hazikuwa nyingi. Kura zile zile, nchi ile ile, tofauti ni sheria ya lini bahasha inafunguliwa. Hiyo mimi nimeishika sana na nitairudia.

Tarehe 6 Januari 2021 wakavamia bunge lao. Sisi tukapiga kura tarehe 14 Januari, siku nane tu baadaye. Hapa hotelini madereva walikuwa wanabishana mpaka chai inapoa, ubalozi wa Marekani ulikuwa umetangaza tarehe 13 kwamba hautaangalia tena uchaguzi wetu kwa sababu zaidi ya robo tatu ya watu wao walinyimwa vibali, na wengine wakawa wanasema hao wataangalia nini wakati kwao wenyewe bunge limevunjwa madirisha. Mimi niliona maneno hayo hayatusaidii. Ukitaka kujifunza kitu kwa mtu angalia alichofanya baada ya kugombana. Kule kesi zaidi ya 60 za kupinga matokeo zilifika mbele ya majaji, majaji wengine waliteuliwa na Trump huyo huyo na bado walizitupa, na Georgia walihesabu upya kwa mkono karatasi kama milioni tano, moja moja. Karatasi zilikuwepo, zikatolewa, zikahesabiwa. Sisi mwaka ule ule Kyagulanyi alipeleka kesi Mahakama ya Juu mwanzoni mwa Februari na kabla mwezi haujaisha akaiondoa akisema majaji hawatamtendea haki. Jaji awe mzuri awe mbaya, matokeo yake ni kwamba hatukuwahi kuona masanduku yale yakifunguliwa mbele yetu na kuhesabiwa mara ya pili.

Na intaneti. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021 ikazimwa, na mwaka huu tena ikazimwa siku mbili kabla ya kura. Hapa mpakani waliokuwa na laini za Kenya walisogea karibu na upande wa pili wakapata mtandao, watu wanasimama na simu juu wanatafuta mawimbi wajue nchi yao inaendaje. Dada yangu wa Waltham alikuwa anakaa siku kadhaa hajui kama tuko salama. Wakizima taa wakati kura zinahesabiwa hata aliyeshinda kwa haki hataaminika, na hili nimemwambia shemeji yangu wa chama tawala uso kwa uso, akanyamaza.

Ngoja niwaeleze huyu shemeji na mdogo wangu kwa sababu bila wao hamtaelewa kwa nini naandika. Shemeji yangu ni NRM, chama tawala, alama yao basi la njano, tangu zamani, fulana zake za kampeni anazo za kila uchaguzi. Mdogo wangu ni NUP, chama cha Kyagulanyi, alama yao mwavuli, bereti nyekundu alikuwa nayo mpaka 2019 serikali iliposema ni vazi la jeshi, akaificha mahali mpaka leo hasemi ni wapi. Wakati wa kampeni hawa wawili hawakai meza moja kwangu. Mwaka huu mmoja alikuwa anaingia mwingine anaacha chakula anatoka, na mama yake shemeji na mama yetu sisi ni wazee wanaosali pamoja. Nilipowaambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba tunahitaji kura ya mapema, wote wawili walikataa. Shemeji akasema, shemeji wewe unataka tuwape hawa wiki nzima ya kuleta fujo, siku moja tu inatosha kuumiza vichwa vya polisi. Mdogo wangu akasema, dada, sanduku likilala usiku mmoja kwenye ofisi ya mtu litaamka limejaa.

Nimeyafikiria maneno ya mdogo wangu muda mrefu kuliko ya shemeji. Kwa sababu ana sababu. Kitu kimoja ambacho Mganda wa chama chochote anakiamini bado ni ile hesabu ya jioni. Saa kumi kituo kinafungwa, sanduku linafunguliwa pale pale nje watu wanaona, karatasi inainuliwa juu moja moja inasomwa jina, maajenti wa wagombea wanaandika, mwisho wanasaini fomu ya matokeo, DR fomu, na kila mmoja anaondoka na nakala yake. Watoto wadogo wanajua matokeo ya kituo chao kabla jua halijazama. Ugomvi wetu mara nyingi unaanza baada ya hapo, fomu ikishaingia kwenye gari. Ndo maana kila uchaguzi kuna ile vuta nikuvute, Kyagulanyi anawaambia watu wake wakae mita 20 kutoka kituoni walinde kura, askari wanasema piga urudi nyumbani. Watu wanagombania kuona, basi. Na mwaka 2016 vifaa vilichelewa Kampala na Wakiso mpaka vituo vingine vikapiga kesho yake, na mpaka leo watu wa kule wanauliza karatasi zilikuwa wapi asubuhi nzima.

Zanzibar wametuonyesha mapema jinsi ya kulifanya vibaya. Wao ndo wenye neno lenyewe, kura ya mapema, iko kwenye sheria yao ya uchaguzi ya 2018. Uchaguzi wa 2020 ulikuwa tarehe 28 Oktoba, na tarehe 27 wakapiga askari na watu wa uchaguzi, watu wa kazi za siku ile. Ukisikia hivyo unaona ni jambo la haki, askari naye ana kura. Lakini waliopewa ni watu wa serikali peke yao, na ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, wakasema huo ni mlango wa kuibia, na mgombea wao Maalim Seif akawaambia wafuasi wake nao wajitokeze siku ile ile ya mapema. Akakamatwa siku hiyo. Pemba risasi zilikuwa zimeshalia, upinzani ukasema watu wao wameuawa. Yaani siku iliyowekwa ili askari asikose kura yake ndo ikawa siku ya kukamata mzee. Na 2025 wakairudia, tarehe 28 Oktoba, siku moja kabla. Muuza samaki wa Malindi ya mjini Unguja anayeamka usiku kwenda kazini hakupewa siku ya mapema, mvuvi hakupewa, dereva hakupewa. Ukitoa nafasi kwa upande mmoja tu, hata kama nia yako ni safi, yule mwingine ataona ni silaha, na mimi ningekuwa yeye ningeona hivyo hivyo.

Wamarekani 2024 waliliona hili. Republican wale wale waliokuwa wanasema kura ya mapema ni wizi wakageuka wakawaambia watu wao nendeni mapema, pigeni mapema. Georgia siku ya kwanza tu, tarehe 15 Oktoba, wakapiga zaidi ya watu laki tatu, rekodi ya jimbo lao. Ikawa vyama vyote viwili viko kwenye foleni moja, na makelele juu ya foleni yenyewe yakapungua. Hayakuisha, mwisho wa mwezi ule mtu alichoma masanduku ya kuwekea kura huko Portland na Vancouver ya jimbo la Washington, mamia ya karatasi yakaharibika, na walioandika zile karatasi wakatafutwa waje wapige upya. Lakini chama kikishakuwa na watu wake ndani ya foleni hakiwezi kuitukana foleni nzima.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na nimemwambia mdogo wangu na shemeji maneno haya haya. Tufungue kura ya mapema Uganda, iwe ya rais peke yake kwanza. Kwa nini ya rais, kwa sababu karatasi ya rais ni moja nchi nzima, wa Mbarara na wa Busia wanaona sura zile zile, ya mbunge ndo inabadilika kila mahali. Weka vituo pale watu wa kazi walipo, Busia, Malaba, Elegu, Mutukula, Katuna, Mpondwe, hospitali kubwa, na pale Kampala ambapo walinzi na mafundi wamejaa. Anayetaka kupiga mapema aombe mwezi mmoja kabla, jina lake likatwe kwenye daftari la kijijini ili asipige mara mbili. Najua mtu atasema mashine za vidole zitafanya kazi hiyo. Mwaka huu mashine zilikataa sehemu nyingi, watu walisimama juani masaa mpaka Tume ikasema tumieni daftari la karatasi, kwa hiyo kalamu na daftari visitupwe. Na iwe wazi kwa wote, dereva, nesi, askari, mlinzi, mama wa sokoni, asiwepo mtu wa kuambiwa wewe sio wa kundi hili.

Alafu sanduku. Hapa ndo mdogo wangu alianza kunisikiliza. Sanduku la mapema lisiende polisi, lisiende ofisi ya mkuu wa wilaya, lilale pale pale lilipopigiwa, na ajenti wa kila mgombea alale nalo, walete magodoro. Jioni kila siku namba ya sili iliyofunga sanduku isomwe kwa sauti, kila ajenti aiandike na aipige picha, na itangazwe idadi ya waliopiga siku ile, idadi tu bila majina ya waliopigiwa. Asubuhi namba ya sili isomwe tena kabla ya kuendelea. Na siku ya uchaguzi saa kumi jioni, wakati ule ule vituo vingine vinafungua, nalo lifunguliwe nje mbele ya watu, lihesabiwe kwanza au pamoja na mengine, lisibaki la mwisho kabisa usiku. Pennsylvania walipata matatizo yao yote hapo, kura za mapema kutokea mwisho wakati watu wameshasherehekea. Mtu hawezi kukuachia pesa zake za duka usiku kucha kama mchana hamkuzihesabu pamoja, na hapa ni hivyo hivyo, mhesabu pamoja mchana alafu mlale pamoja.

Na fomu ziwekwe hadharani zote. Agosti 2022 tulikuwa tunawaangalia Wakenya upande wa pili wa mpaka, tume yao iliweka zile fomu 34A za vituo zaidi ya elfu 46 kwenye mtandao, kijana yeyote mwenye simu anajumlisha mwenyewe, hapa kwangu kulikuwa na madereva wawili Wakenya wa vyama tofauti wanajumlisha kwenye daftari moja la madeni yangu. Bado waligombana mpaka makamishna wanne wakayakana matokeo, bado walikwenda mahakamani, lakini walikuwa wanagombania namba ambazo wote wanaziona.

Shemeji ananiambia sheria haituruhusu. Nimeuliza watu wanaojua, sheria yetu ya uchaguzi wa rais ya 2005 tayari inaipa Tume ruhusa ya kuweka utaratibu maalum kwa wagonjwa walioko hospitali na kwa askari walioko maeneo yaliyofungwa. Na mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema wafungwa na Waganda walioko nje wana haki ya kupiga kura. Tangu hukumu ile tumefanya uchaguzi mara mbili, 2021 na 2026, na dada yangu bado anapiga ya Massachusetts tu. Kwa hiyo njia ya kuanzia ipo kwenye karatasi zetu wenyewe, hatuhitaji kuletewa na mtu. Kinachobaki ni Bunge kuongeza maneno machache, na Tume kukubali kukaa na vyama vyote kabla, mapema sana, sio mwezi wa kampeni wakati kila mtu ameshashika jiwe.

Watasema pesa. Jamani pesa za kununua fulana zipo, za magari ya kampeni zipo, za mashine ambazo hazikusoma vidole zilipatikana. Magodoro ya maajenti na taa za kuwasha usiku kwenye vituo vichache vya mpakani hazitafilisi nchi.

Mdogo wangu mwisho amesema atakubali kwa sharti moja, awe yeye ndo anayelala na sanduku la Busia kwa upande wa mwavuli. Shemeji akasema basi na mimi nitalala hapo kwa upande wa basi. Nimewaambia chakula cha usiku kitatoka kwangu. Uchaguzi mwingine ni 2031, muda upo, na mume wangu ameniambia nimwandikie hayo yote kwa barua ampelekee mbunge wetu akirudi kutoka Juba, na nimeshaianza.